Pasua, Usipindue

Ujinga ungekuwa mtama, kihenge cha Antipasi kisingekauka hata mwaka wa njaa. Felista, mkewe, aliliwaza hilo kila alipomwona akizunguka kijiji cha Mtinko amefunga mikono nyuma, utadhani mkuu wa wilaya anakagua mali isiyo yake.

Ugonjwa wa shamba lao ulijulikana. Juu udongo laini. Shubiri moja chini, tabaka gumu kama sakafu. Mizizi ya mtama ikifika hapo hujikunja, na mvua ikikata mtama hufa kwa kiu. Chini ya tabaka hilo kuna udongo mweupe wa magadi. Bwana shamba aliwaambia wote mkutanoni: "Pasua, usipindue." Yaani ng'ombe wakokote ripa, ule mkuki wa chuma, upasue mfereji mwembamba, utie samadi, na magadi ya chini yabaki chini.

Ezekieli, kaka yake Felista, alifanya hivyo hivyo. Antipasi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji yangu anapekua kama kuku! Mwanaume hupindua."

Pasua, pindua, kwake yote yalikuwa yaleyale. Akaleta trekta lenye plau, jembe la kupindua udongo, akamwamuru dereva azamishe mpaka mwisho. Watu wakaja kutazama, na hilo ndilo alilolitaka hasa.

"Baba Jenipher, tuliambiwa tusipindue," Felista alisema.

"Wewe unajua nini kuhusu trekta?"

"Trekta silijui. Magadi nayajua, nayatia kwenye mlenda kila siku. Ukiyazidisha, hakuna anayekula."

Alimpungia mkono kama anayefukuza nzi. Jioni shamba lilikuwa jeupe, naye akalisifu kwamba limetakata.

Mvua za kwanza zikanyesha. Maji yakatuama, ardhi ikaganda, mtama ukachomoza wa njano, ukafa. Kihenge kilibaki na vumbi na masuke machache ya mwaka jana. Felista hakulia. Alimdharau mumewe waziwazi, wala hakujisumbua kuificha dharau hiyo hata mbele ya wageni.

Asubuhi moja waliamshwa na kwato. Ng'ombe wa nusu ya kijiji walikuwa shambani, ndimi nje, wakilamba matuta. Antipasi akatoka mbio na fimbo.

"Shikamoo mzee," alisema Miraji, mchungaji wa jirani, kwa adabu zote. "Utusamehe. Hawazuiliki. Wanasema chumvi yako inaishinda ya ziwani tunakowapeleka kulamba."

Antipasi alirudi ndani anahema, akakaa, akauliza chakula kiko wapi. Mwanaume mzima!

Felista akamtupia gunia tupu miguuni.

"Ng'ombe wameshiba shambani kwako. Sisi tutakula kwa kaka yangu. Nenda ukaombe."

"Nenda wewe. Ni kaka yako."

"Mimi sikumwita kuku."

 Antipasi akaliokota gunia. Felista akamfuata nyuma, si kwa huruma, bali alitaka kujionea, hakutaka kusimuliwa. Njiani walipita shamba la Ezekieli, mtama umesimama kifuani, masuke yameinama. Antipasi alitazama upande wa pili.

Ezekieli aliwalaki mlangoni kwake. Alilitazama gunia, akamtazama shemeji yake, akatabasamu taratibu.

"Karibu, shemeji," alisema, akilipokea gunia. "Kuku hana choyo. Ugali utatoka kwangu, wewe utaleta chumvi."

Felista alicheka mpaka akashika mbavu.