Mwaka wa Kiti

Siku Epuyo alipotutoka, chai yake ilibaki mezani na simu yake ilikuwa kwa jirani ikichajiwa. Alikuwa ameamka akilalamika kifua. Aliniambia nisimpigie Atiir, maana binti yetu alikuwa Kakuma akifanya mazoezi ya kazi na angekuja mbio bure. Tulipofika hospitali hapa Lodwar, mume wangu alikuwa ameshanyamaza. Nilirudi nyumbani nikaikuta ile chai, nikaimwaga mlangoni mwenyewe kabla mtu mwingine hajaigusa.

Jioni jirani aliileta simu. Ndani yake kulikuwa na ujumbe ambao Epuyo alikuwa ameungoja tangu mvua za Aprili. Atiir aliomba nafasi kwa barua pepe ya baba yake, kwa sababu simu yake mwenyewe ilikuwa ikizimika ovyo. Chuo kimoja cha Johannesburg kilikuwa kimemkubali kusoma mwaka wa honasi katika uhasibu, juu ya shahada aliyokuwa nayo. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, nami nikajikuta nataka kucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka, kisha nikalia, na waliokuja kunishika walidhani yote ni kilio.

Naandika haya nisije nikayasahau. Yaliyofuata yalienda kasi, na Epuyo angetaka kusimuliwa kila kitu.

Kwa miaka mingi alikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja la chakula Kakuma. Kila mwaka walikuja wakaguzi. Alinieleza kwamba wageni wengine wakifika, watu hujifanya wana kazi nyingi, lakini mkaguzi akiingia meneja mwenyewe hukimbia kumtafutia kiti. "Haombi," alikuwa akisema. "Kinaletwa." Atiir alipochagua kusoma uhasibu, baba yake alimuuliza swali moja tu, kama watu wa uhasibu ndio wale wanaoletewa kiti. Atiir alimjibu kwamba si wote. Kwa shahada peke yake angeajiriwa kuandika hesabu za ofisi. Lakini kampuni za ukaguzi alizozitaka, zile zinazomfundisha mtu mpaka aweze kutia saini ripoti kwa jina lake, zilitaka mwaka mmoja zaidi. Tangu siku ile Epuyo hakusema honasi. Alisema mwaka wa kiti.

Halafu mwaka jana mkaguzi aliyeingia ghalani alikuwa Nyaruach. Nyaruach alikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya hapo Kakuma. Epuyo alimjua tangu akiwa mtoto wa kutumwa na mama yake kupanga foleni ya mahindi, na alikuwa akimfukuza kila alipojaribu kuchomekea mbele. Baadaye msichana huyo akapata ufadhili, akasoma shahada, akasoma na huo mwaka wa ziada Johannesburg, kampuni ya ukaguzi ikamchukua. Siku hiyo Epuyo hakumwachia meneja. Alimletea kiti yeye mwenyewe. Nyaruach alimwambia, akimwita baba kwa lugha yetu, "Leo hunifukuzi, Apa?" Epuyo alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeshinda mbio.

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana na Epuyo hakuwepo. Iliyobaki ilikuwa karo. Chuo kilikuwa na ufadhili kwa wanafunzi wasiojiweza, na Atiir aliomba siku chache baada ya mazishi, amekaa karibu nami, vichwa vyetu vimenyolewa. Alijaza kila kitu vizuri mpaka alipofika kwenye mifugo ya familia. Hapo akasita. Kwetu mifugo haihesabiwi. Mtu akinyoosha kidole aseme mmoja, wawili, watatu, anaiitia maafa. Na mbuzi wa marehemu ambao hawajagawanywa ndio kabisa, hakuna wa kuwasemea ila kaka yake mkubwa. Basi Atiir akaandika kwa adabu kwamba mbuzi wapo wa kutosha.

Jibu halikukawia. Walituambia kwamba wamefurahi kusikia familia ina mifugo ya kutosha, na kwa hiyo inaonekana inaweza kumlipia mtoto wake. Kama tulikuwa na maelezo mengine, wangetusikiliza Ijumaa kwa simu ya video, na aliyesimamia mifugo hiyo awepo.

"Mama," Atiir aliniambia, "nimejiponza kwa adabu."

Aliyesimamia mifugo alikuwa Lokaale, kaka yake Epuyo, aliyekuwa akichunga upande wa Kalobeyei. Naye alikuwa na mpango wake. Ofisi ya Kakuma alikofanyia mazoezi ilikuwa imempa Atiir kazi, aanze mwanzo wa mwaka. Lokaale alikuwa amesikia, na alishawaambia watu kwamba msichana wa Epuyo sasa ni mtu wa ofisi. Nilijua kwamba akikataa kuja Ijumaa, au akija akakataa kusema, mwaka wa kiti umekwisha.

Tulikwenda Kakuma. Nyaruach alikuwa hapo kwa kazi ya wiki chache, akatukaribisha nyumbani kwa mama yake kambini. Lokaale alikuja mchana baada ya kuuza mbuzi sokoni, ekicholong yake mkononi, kile kigoda kidogo ambacho wanaume wetu hawatoki bila kukibeba. Tulisalimiana ejok, akakaa, akakubali chai. Kisha akamgeukia Atiir.

"Miaka minne unasoma hesabu," alisema, "na kitu cha kwanza kinachokushinda ni mbuzi."

"Ningewahesabu ungenichapa, Apa."

"Ningekuchapa. Lakini ungekuwa umejua kuhesabu."

Nyaruach alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na mimi pia nikacheka, mara ya kwanza mbele ya watu tangu mazishi. Lakini Lokaale hakuwa amemaliza. Alisema polepole, bila ukali, kwamba kazi iliyopo ni ya leo na masomo ni ya kesho. Mama yake mtoto anasuka vikapu vya mkoma. Baba yake amelala mchangani. Msichana ana shahada, kofia ameshavaa, picha ziko ukutani. Huo mwaka mwingine unaongeza nini ambacho kofia haikuongeza?

Atiir alianza kujibu kwa maneno ya chuoni, na nikaona macho ya shemeji yangu yakienda mlangoni. Nyaruach akamgusa mkono, akaomba aseme yeye.

Alisema kwamba baada ya shahada ya kwanza alifanya kazi hapo hapo Kakuma, kwenye ofisi nzuri, na hakuna aliyemdhulumu. Aliandika kilichonunuliwa na kilichogawiwa. Kila mwaka aliandika vilevile. Waliokuja kumpita walikuwa wadogo kuliko yeye, lakini walikuwa wamesoma mwaka ule. Naye alipousoma, kampuni ambazo hazikuwa zikijibu barua zake zilianza kumpigia zenyewe. Walimwekea mkubwa wa kumfundisha, wakamlipia mitihani iliyobaki. Na kitu kingine, alisema, akitazama ua wa miiba wa mama yake. Yeye hana nchi anayoweza kuirudia. Lakini cheti kile popote alipokionyesha, kilisomwa kabla hajaulizwa anatoka wapi.

"Zamani niliandika walichofanya wengine," alimwambia Lokaale. "Sasa mimi ndiye ninayeulizwa kama ni kweli."

Lokaale alikuna kidevu. Alisema hayo ni mazuri, lakini kazi ya leo itachukuliwa na mtu.

"Apa, leo umeuza mbuzi sokoni," Nyaruach alisema. "Umeuza mtamba?"

Alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Mbuzi jike mchanga, ambaye hajazaa hata mara moja, auzwe achinjwe? "Mimi ni kichaa?"

"Nyama yake si ipo leo?"

Lokaale akanigeukia mimi. "Mama Atiir, huyu msichana wa Nuer mmemtoa wapi?" Nilimwambia ametoka kwenye foleni ya mahindi ya ndugu yake. Akatikisa kichwa na kumaliza chai. Hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba Ijumaa atapita.

Alipita. Nilikuwa nimesimama nje tangu asubuhi, moyo ukinidunda kama wa msichana, nikamwona anakuja na shuka safi na manyoya kwenye kofia yake kama aendaye kwenye sherehe. Nyaruach alikuwa ameazima chumba chenye mtandao. Tulikaa sisi wanne mbele ya kompyuta, na kwenye kioo akatokea mama mmoja mwenye miwani na bwana kijana kando yake. Walimpa Atiir pole kwa msiba. Walimuuliza maswali ya masomo, akajibu haraka na vizuri, na sikuelewa nusu yake lakini nilielewa uso wa yule mama. Kisha akaondoa miwani, akauliza kuhusu mbuzi. Wako wangapi?

Lokaale aliuliza yule mwanamke anataka nini.

"Idadi, Apa," Atiir alimwambia.

Atiir alikuwa akiminya vidole vyangu mpaka vikauma.

"Mwambie nitamtajia," Lokaale alisema mwishowe. "Akitaka kuhesabu, ahesabu yeye. Ulimi ni wake."

Atiir alitafsiri. Yule mama alimtazama mwenzake, akachukua kalamu.

Lokaale akafumba macho na kuanza. Alikuwa kama mtu aliyesimama langoni mwa zizi jioni, akiwaona wanavyoingia. Yupo mweupe mwenye masikio meusi. Huyo na watoto wake Epuyo aliazimwa na dada yake wa Kataboi apate maziwa, na atarudi kwa dada. Yupo mwekundu mwenye tumbo jeupe, ameahidiwa kwa mahari ya mtoto wa kiume wa Lokaale, na Epuyo mwenyewe ndiye aliyeahidi. Yupo beberu mweusi, atachinjwa siku tutakayomaliza matanga. Yupo mwenye pembe iliyovunjika. Hapo akafungua macho, akaanza kueleza jinsi ilivyovunjika, na Epuyo alivyomkimbiza fisi kwa tochi isiyo na betri, na Atiir akatafsiri akicheka huku machozi yakimtoka. Yule bwana kijana alikuwa ameinama mbele. Lokaale alipoendelea na wengine, bwana huyo aliingilia kuuliza yule wa pembe alikuwa wa nani basi.

Wa jirani, Lokaale alimjibu. Amelala kwetu tu.

Kila mmoja alikuwa na mwenyewe, au alikuwa njiani kwenda kwa mwenyewe. Nilikuwa mke wa Epuyo miaka yote ile na sikuwa nimewahi kusikia mifugo yake ikitajwa hivyo. Nilihisi kama ameingia chumbani na kundi lote nyuma yake. Sikutaka liishe.

"Anayebaki kuwa wa Epuyo," Lokaale alisema, "ni mtamba wa kijivu. Ni wa ukoo wa yule mbuzi aliyepewa huyu msichana siku aliyozaliwa." Akamtazama Nyaruach, kisha kioo. "Waambie huyo hauzwi. Anangojewa azae."

Sikumtazama Atiir. Nilijua kwamba hilo ndilo lilikuwa ndiyo yake.

Yule mama alipitisha kalamu kwenye karatasi yake, akaanza kusema kwamba kwa hiyo jumla ni... Atiir aliinua mikono yote miwili.

"Tafadhali mama, andika tu. Usiitaje."

Kwanza alishangaa. Kisha akacheka, akapiga mstari, akaigeuza karatasi chini. Walituaga. Kioo kilipozimika, Lokaale aliuliza kama wale watu wana mbuzi, maana walisikiliza vizuri.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, nami nilikuwa nyumbani Lodwar naloweka majani ya mkoma. Atiir alikuja akikimbia toka kwa jirani, simu ya baba yake mkononi, ndala moja imebaki njiani. Karo yote, chumba, na nauli. Nilimshika tukazunguka uani kama watoto, maji ya beseni yakamwagika, majirani wakatoka wakifikiri kuna msiba mwingine. Nilipowaambia, walipiga vigelegele, na nikapiga nao, nikiwa mjane ambaye nywele zake hazijaota.

Kabla ya kuondoka, Atiir alikwenda nami kwenye ile ofisi ya Kakuma kuwaeleza kwamba hatachukua kazi. Meneja alisikitika, lakini alimwambia akimaliza huenda wakakutana tena, na safari hiyo yeye meneja ndiye atakuwa anaulizwa maswali. Tukiwa njiani kurudi, Atiir alinong'ona kwamba amekiona kiti watakachomletea, na mguu mmoja umelegea.

Tulimaliza matanga Januari. Beberu mweusi alichinjwa kama ilivyosemwa, na wengine walikwenda kwa wenyewe, mmoja mmoja, bila mtu kutaja idadi.

Sasa madarasa yameanza. Atiir hunipigia Jumapili nikitoka kanisani, kwenye simu ya Epuyo, ambayo siku hizi inachajiwa hapa nyumbani. Mtamba wa kijivu yuko Kalobeyei na Lokaale. Kazi ya Kakuma imepewa mtu mwingine.