Herufi Iliyomezwa Harakani

Pe, pe, ta. Kabla ya alfajiri katika mji wa Harakani, sauti ya kwanza nyumbani kwa Tulizo ilikuwa ya ungo, mama yake akipepeta mchele. Binti huyo wa miaka kumi aliisikiliza kwa makini, maana mjini mle ni ungo peke yake usiomharakisha mtu.

Wenyeji wa Harakani waliihesabu kasi kuwa akili, na utulivu kuwa upungufu. Madarasani watoto walisoma wote pamoja kwa pumzi moja, na ghasia ya vinywa vyao iliitwa elimu. Nani alisoma na nani alikariri, hapana aliyeuliza. Juu ya lango la Baraza wahenga walikuwa wamechonga sheria, nayo kila mtu aliiimba tangu utotoni: "Mzito wa kusoma atengwe mahali pake." Kwa sheria hiyo mtoto aliyeshindwa mtihani mara tatu alipelekwa Upwekeni, bonde lisilo na kitabu, asirudi tena kwao. Tulizo alikuwa ameshindwa mara mbili.

Mwalimu wake, Bi Mseto, aliona jinsi herufi zilivyomtoroka binti yule kama kuku wageni.

"Nyumbani kwenu kukicha husikia nini, mwanangu?"

"Ungo, mwalimu. Husema pe, pe, ta."

Mwalimu hakucheka. Alitandaza unga juu ya ungo, akamwongoza kidole aandike alichokisikia. Akamwazima kisanduku chenye sauti, kilichorudia neno mara mia bila kununa. Kisha akamketisha na wenzake wawili, wakasoma kwa zamu, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Sikio, mkono na wenzi vikawa darasa moja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Majirani walichungulia dirishani. "Bibi wee, hilo darasa au chungu? Mseto ni chakula cha wagonjwa!"

"Ndicho kinachowaponya," alijibu Bi Mseto, akaongeza unga.

Siku ya mtihani wa tatu Baraza lilifurika. Kadhi Mwendokasi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitua penye neno, alimwamuru Tulizo asome sheria ya langoni, ambayo hata kasuku wa mji waliijua. Maandishi yalikuwa juu mno. Bawabu, bila kuagizwa na mtu, alimletea kigoda, akalipangusa jiwe vumbi kwa upindo wa kanzu yake.

Tulizo alichora kila herufi hewani kwa kidole. "Mzi-to... wa... ku-so-ma..." Watu walicheka. "A-te-nge..." Akasita.

"Atengwe!" umati ulimpigia kelele. "Mtoto huyu kobe!"

"Sivyo, mheshimiwa kadhi," alisema Tulizo. "Hapa pana e. A-te-nge-we. Atengewe mahali pake."

Kicheko kilikatika. Kadhi alipanda kigoda, na kwa mara ya kwanza midomo yake ilikwenda polepole. Sheria haikumfukuza mtu, ilimwekea nafasi. Herufi moja ilikuwa imemezwa na haraka, na kwa ajili yake, kwa muda wa miaka sitini, watoto walikuwa wakipotea. Kadhi alimkumbuka kaka yake, Kimya, aliyepelekwa Upwekeni akiwa mdogo. Akashuka, akakaa juu ya kile kigoda, asiweze kutoa hukumu.

Kesho yake njia ya Upwekeni ilifunguliwa. Wengine walirejea makwao. Wengine walikuwa wamezeekea huko na miguu imechoka, basi darasa likawafuata. Bi Mseto alichukua kisanduku, Tulizo akachukua unga, na ungo aliubeba kadhi mwenyewe.

Mzee Kimya alishinda asubuhi nzima ameinamia unga. Jua lilipokuwa kali na wageni wakaanza kukunja mkeka, alimshika Tulizo mkono.

"Mwalimu mdogo, mje tena kesho. Jina langu limebakiza herufi moja." Kisha akamgeukia kadhi. "Nawe uje, mdogo wangu. Ila usije mbio."