Nadhiri kwenye Kaburi la Madrinha

Padre Everaldo alileta habari Jumatatu asubuhi, Zulmira akiwa bado hajamaliza kufagia. Baraza la askofu linakuja Alhamisi, akasema, na vyote vilivyomo humu ndani ya kikanisa inabidi viondoke. Zulmira akaegemea ufagio, akatazama kuta. Miguu ya mti, mikono ya mti, vichwa vya mti, matiti ya nta, mikia ya nywele iliyofungwa utepe, magauni matatu ya harusi, picha za watoto, picha za malori, na fulana ya golikipa mmoja aliyepona goti. Miaka thelathini na minne watu walikuwa wakipona na kurudi kushukuru, na kila aliyerudi alileta mfano wa kiungo kilichopona au ukumbusho wake, akaupigilia msumari.

"Vyote, Padre?"

Vyote, akasema padre. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili, mwembamba, mwenye kuogopa makaratasi. Sheria ya Kanisa, akaeleza, haitaki mtu ambaye hajatangazwa mtakatifu aheshimiwe hadharani kama mtakatifu. Kesi ya Madrinha Otacília imefunguliwa, sawa, lakini kabla haijaenda Roma lazima baraza lije kujionea kwa macho kwamba hapa pana kaburi tu la mama mwema, basi. Wakikuta watu wameshajitangazia mtakatifu wao wenyewe, kesi itakwama.

Zulmira hakubisha. Alikuwa na miaka sitini na nane, magoti yake yalivimba kila alipoinama, na kubisha ni kazi ya watu waliolala vizuri.

Isitoshe, mwenyewe alitaka kesi ile ipite. Tuseme ukweli, wala hakuitaka kwa sababu ya utukufu wa Madrinha. Mji mzima uliitaka kwa sababu hiyo. Zulmira aliitaka kwa sababu padre alishasema kwamba mambo yakienda vizuri, mifupa itahamishiwa kanisa kuu la jimbo, huko mji mkubwa. Kaburi likiwa tupu, hakuna cha kufagia, na Madrinha mwenyewe atakuwa ameuhama mji. Na siku hakuna cha kufagia, Zulmira atakuwa huru kupanda basi kwenda São Paulo kwa mwanawe.

Mwanawe huyo, Gilvan, ndiye chanzo cha yote. Mwaka wa ukame mkubwa alikuwa na miaka miwili, akaharisha siku tano mpaka macho yakazama. Hospitali ilikuwa mbali na lori la mjini halikupita. Baba yake alishakwenda kusini kutafuta kazi, na huko akatafuta na mke mwingine. Basi Zulmira akambeba mtoto, adhuhuri, jua la kuchoma nyayo, akaenda kumlaza juu ya kaburi la Madrinha Otacília, aliyekuwa amezikwa miezi saba tu. Madrinha alikuwa mama wa ubatizo wa nusu ya mji, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alichimba kisima kwa mikono yake, akauguza wenye kifua kikuu waliofukuzwa na ndugu zao, akawa anawatukana wavivu matusi ya nguoni na kisha kuwapa chakula. Alikufa bila kitanda chake mwenyewe.

Zulmira akapiga magoti, akasema: Madrinha, niachie huyu, nami nitafagia kaburi lako kila siku ya Mungu mpaka nife, wala sitalala usiku hata mmoja nje ya mji huu. Akasubiri. Baada ya muda Gilvan akakojoa, pale pale juu ya jiwe. Yeyote aliyewahi kuuguza mtoto aliyekaukiwa maji anajua mkojo ule maana yake nini. Zulmira alilia mpaka akashindwa kusimama.

Tangu siku ile akafagia. Kikanisa kikajengwa juu ya kaburi akiwa anafagia. Mama yake mzazi aliugua huko mji wa Petrolina, akakaa siku sita akimwita kwa jina, akafa, akazikwa. Zulmira alikuwa anafagia. Gilvan akakua, akaenda São Paulo, akawa mwokaji mikate, akaoa. Zulmira aliona harusi kwenye picha. Wajukuu watatu aliwaona kwenye simu, nyuso zao zikikatika kila mtandao ulipozidiwa. Mara moja, zamani, alimuuliza padre mzee aliyekuwapo kama ahadi ile inaweza kulegezwa kidogo, japo wiki moja. Padre mzee alikuwa anakula. Akamjibu kwamba aliyeahidiwa ndiye wa kuombwa ruhusa, yeye hayumo. Zulmira hakuuliza tena. Alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu: Madrinha alimpa mtoto, na Madrinha angeweza kumchukua.

Gilvan alimwomba aje mwaka baada ya mwaka. Jumapili iliyotangulia habari ya padre alipiga simu, akaongea juu ya hali ya hewa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hatamwomba tena. Hakugombana. Alisema ameelewa kwamba mama yake ana mtu mwingine wa kumtunza. Zulmira alibaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

Kwa hiyo alivua ukuta. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, toroli kwa toroli, kutoka kikanisani mpaka nyumbani kwake mtaa wa pili. Padre alisaidia asubuhi, mchana akaitwa kwenye maziko. Watu walisimama milangoni kutazama, na wengine walinuna, maana mtu akishapigilia mguu wake ukutani kwa mtakatifu hapendi kuuona ukisafiri kwenye toroli. Ivonete muuza uji wa mahindi, mwanamke mwenye mdomo, alimsimamisha katikati ya njia.

"We Zulmira, mguu wangu unaupeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu. Utakaa uvunguni mwa kitanda."

"Ukivunjika, nikaanza kuchechemea tena, utanibeba wewe?"

"Nitakuweka kwenye toroli hili hili."

Ivonete akacheka, akamkabidhi bakuli la uji bila kuombwa, kisha akasema nyumba yake sasa itakuwa kama bucha la seremala. Ilikuwa kweli. Jumatano jioni Zulmira hakuwa na pa kukanyaga. Vichwa vilijaa mezani, mikono ilijaa kwenye beseni la kufulia, na magauni ya harusi yalimlalia kitandani. Alisogeza gauni moja, akajilaza ubavu, akahisi kiuno kinatengana na mwili. Alichoka hoi. Lakini ilikuwa ile siku ya mwisho ya kuchoka, akajiambia, na akapata usingizi.

Alhamisi wakaja watatu. Monsinyori Abelardo, hakimu wa baraza, mzee mnene wa mashavu mekundu aliyeshuka garini akiwa ameshika kiuno. Padre mwingine wa sheria, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro. Na Sista Quitéria, karani, aliyebeba kompyuta yake kifuani kama mtoto. Wakazunguka kikanisa. Wakapima kaburi. Wakatazama picha ya Madrinha kuona kama ina duara la nuru kichwani, haina. Wakatazama kama kuna altare juu ya kaburi, haipo. Monsinyori akatazama kuta na matundu ya misumari, mamia kwa mamia, akauliza hapa palikuwa na nini.

Padre Everaldo akasogea mbele. Akaeleza.

"Ah, miguu ya mti," akasema Monsinyori. "Padre wangu, hiyo haina ubaya wowote. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba watu wanampenda. Mngeiacha. Mimi natafuta altare na sanamu zenye nuru."

Zulmira alisikia. Akatazama viganja vyake vilivyochubuka kwa mipini ya toroli. Padre Everaldo alimtupia jicho la kuomba radhi, na yeye akainamisha kichwa, maana kijana wa watu alikuwa karibu kulia.

Wakaweka meza ndogo na viti kwenye sakristia, chumba cha padre cha kuvalia, wakamwita Zulmira kama mlinzi wa mahali. Padre Everaldo alikuwa amemwonya mapema: ile habari ya nadhiri usiitaje, sema tu unafagia kwa niaba ya parokia. Nadhiri kwa marehemu ambaye bado si mtakatifu, hadharani, miaka thelathini na minne, ni kitu gani hicho kama si ibada? Kitatuangusha. Zulmira alikuwa ameitikia. Sasa akaweka mkono juu ya Injili, akaapa kusema kweli, akaketi.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Watu wanakuja? Wanakuja. Wanawasha mishumaa? Nje, kwenye mchanga. Kuna padre aliyewahi kusoma misa kwa heshima yake kama mtakatifu? Hapana. Kisha Monsinyori, kwa upole, bila mtego wowote, akauliza: "Na wewe, mama, kwa nini unafagia?"

Zulmira akafungua mdomo atoe jibu la parokia, likakataa kutoka. Haikuwa ujasiri. Uongo nao unataka nguvu, na nguvu zake zote alishazimaliza kwenye toroli. Akasimulia. Ukame, mtoto, jiwe, mkojo, ahadi yenyewe neno kwa neno. Alijua anachokifanya: anaiua kesi, na mifupa itabaki pale pale, na yeye atafagia mpaka siku wamkute ameanguka na ufagio mkononi. Padre Everaldo aliziba uso kwa mikono. Sista Quitéria aliandika. Zulmira alipomaliza alijisikia mtupu, hata uchungu haukuwapo.

Monsinyori akatabasamu. Akamwambia asihofu. Hiyo ni imani yake binafsi, si ibada ya Kanisa, na kesi haidhuriki hata kidogo. Na akaongeza, kwa sura ya mtu anayetoa zawadi:

"Tena nikutulize moyo, mama. Nadhiri anawekewa Mungu peke yake. Hiyo uliyompa marehemu ni ahadi nzuri ya moyoni, lakini haikufungi. Haijawahi kukufunga. Ungeweza kwenda kwa mwanao siku yoyote."

Sista Quitéria akaacha kuandika, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimtazama Zulmira usoni.

"Siku yoyote," akasema Zulmira.

"Siku yoyote, mama. Uko huru."

"Mama yangu aliniita siku sita."

Monsinyori akarudi nyuma kitini.

"Mwanangu alioa sikuwapo," Zulmira akaendelea, taratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Wajukuu wangu hawajui harufu yangu. Walikuwa wakiniuliza, nawaambia nimefungwa. Watu wote wananijua mimi ni mtu aliyefungwa. Sasa wewe unaniambia mlango ulikuwa wazi. Basi niende São Paulo nikamwambie nini yule mtoto? Kwamba nilikuwa naweza, nikakaa?"

Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimshangaza hata mwenyewe. Hakujua kama bado anayo. Akamgeukia Sista Quitéria.

"Andika kwamba nilifungwa, Sista."

Sista akamtazama hakimu. Hakimu akasema, kwa sauti ya kuumia, kwamba hawezi kuruhusu kuandikwa jambo ambalo kisheria halipo. Zulmira akasema basi hatatia sahihi. Akakunja mikono kifuani. Mama wa watu alikuwa amezoea kusafisha tu, hakuna aliyewahi kumwona anakataa jambo, na mle ndani hakuna aliyejua la kufanya. Yule padre wa kasoro alitazama saa yake.

Ndipo Padre Everaldo akainuka. Akatoa stola mfukoni mwa kanzu, ule utepe mwembamba wa zambarau anaouvaa shingoni akienda kwa wagonjwa, akaibusu, akaivaa. Akaja kusimama mbele ya Zulmira.

"Padre," akasema Monsinyori, "hapo hakuna cha kufungua."

"Najua, Monsinyori. Sheria inampa paroko ruhusa ya kuondoa nadhiri. Sijaona mahali inapomkataza kuondoa ambayo haipo."

Monsinyori akamkodolea macho. Kisha akavua miwani, akatoa kitambaa, akaanza kuifuta, upande mmoja, upande wa pili, tena upande wa kwanza, na alipokuwa akiifuta hakuwa anaona kitu.

Padre akaweka mkono juu ya kichwa cha Zulmira, juu ya kitambaa chake chenye vumbi la mbao. Akasema kwa mamlaka aliyopewa na Kanisa anamwondolea nadhiri ya kufagia kaburi la Otacília na nadhiri ya kutolala nje ya mji, na kwamba tangu saa hii hadaiwi na mtu, aliye hai wala aliyekufa. Akafanya ishara ya msalaba. Zulmira aliinama polepole mpaka paji la uso likagusa meza ya baraza, na mabega yakaanza kumtikisika.

Sista Quitéria alitazama saa ya ukutani, akaandika mstari mmoja. Hakumwonyesha hakimu, wala hakimu hakuomba kuuona. Zulmira akatia sahihi.

Walipoondoka, aliketi kwenye ngazi ya kikanisa, akapiga simu. Ililia sana kabla ya kupokelewa, na nyuma ya sauti ya Gilvan kulikuwa na kelele za mashine za kukandia unga. Akauliza kuna msiba.

"Hakuna msiba. Nimefunguliwa, mwanangu. Leo, saa tano na robo, mbele ya hakimu wa askofu. Kuna mashahidi, na imeandikwa."

Gilvan akamwambia mtu asubiri.

"Lakini kabla ya saa tano na robo nilikuwa nimefungwa," akasema Zulmira. "Wakija kukwambia vingine, usisikilize. Nilikuwa nimefungwa, Gilvan. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Sema wewe."

Mashine zikazimwa kule upande wa pili. "Ulikuwa umefungwa, mama," akasema Gilvan.