Nyayo za MaSibanda

Asubuhi ya kwanza ya Thenjiwe Ncube katika nyumba ya wakweze huko Luveve, mjini Bulawayo, mama mkwe wake alimkabidhi ndoo, ufagio wa nyasi, brashi, kopo la nta nyekundu ya sakafu na kipande cha blanketi kuukuu. Kisha akavuta kiti, akaketi barazani amtazame anavyofanya.

Mama huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita MaKhumalo kwa ukoo wa baba yake, alikuwa na taratibu zake. Majani ya chai ya jana hayakutupwa. Yalikamuliwa na kunyunyizwa sakafuni kabla ya kufagia, ili vumbi lishikamane nayo lisirukie makochi. Vumbi lilipanguswa kutoka juu kuja chini, kwa sababu, alisema, halijui kupanda ngazi. Mpini wa ufagio ulivishwa soksi ndefu ya nailoni iliyotoboka, ukapitishwa chini ya kabati, ukatoka na buibui, manyoya na vifungo vya mashati. Maji yalikuwa machache, maana bomba la Bulawayo hutoa linapopenda. Yakishachafuka yalipelekwa kwenye mboga. Na deki ilipigwa kinyumenyume, kutoka ukutani kuelekea mlangoni, ili mtu asikanyage alipokwisha kufuta. Mwisho ndipo nta ilipopakwa, ikasuguliwa kwa brashi, kisha blanketi likatandikwa chini ya miguu, mtu akateleza nalo huku na huku mpaka sakafu ing'ae kama tufaha.

Thenjiwe alifika mlangoni kinyumenyume, akainua uso. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Nyayo za miguu mitupu zilikuwa zinatokea, wa kushoto, wa kulia, zikitoka jikoni kuelekea dirishani. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake. Hapakuwa na mtu.

"Mama," alisema Thenjiwe, "kuna mtu anakanyaga deki yangu."

MaKhumalo alichungulia. "MaSibanda huyo. Chukua kitambaa kikavu umfute kabla hajakauka. Akikauka, nta haishiki juu yake."

"Ni marehemu?"

"Marehemu gani? Mzima kabisa, yuko mtaa wa Pumula anashona sare za shule. Futa, MaNcube, jua linapanda."

Thenjiwe alifuta.

Alikuwa msichana wa kuulizauliza. Kwao Kezi walikuwa wakimwambia kwamba angezaliwa mbuzi angekufa na kichwa ndani ya sufuria. Kwa hiyo hakuridhika na kufuta tu. Akawa anachelewesha kitambaa ili aone nyayo zinakoelekea. Ulipofika mwezi wa Agosti, upepo ukaanza kumwaga vumbi jekundu ndani kupitia kila ufa, akajisingizia kichwa kinamuuma na kuiacha sebule bila kufagiwa kutwa nzima. Jioni akapiga magoti akaisoma.

MaSibanda aliamka mapema kuliko wote. Alikaa sana mahali pamoja karibu na dirisha, miguu yote miwili, wa kulia ukichimba vumbi kidogo kwa kidole gumba, na hapo ndipo Thenjiwe alipoelewa kwamba cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Hakuwa mtu wa kuzunguka ovyo. Mara mojamoja alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kabati la vyombo, akasimama mbele yake, akarudi. Alipopita mahali palipokuwa na kochi, nyayo ziliingia chini ya kochi zikatokea upande wa pili. Katika vumbi lote lile zilikuwa zake peke yake, ingawa Thenjiwe na mkwewe walishinda humo wakipita. Thenjiwe alidhani ni kwa sababu wao walivaa kandambili.

Usiku mumewe alipokuwa anakula, alimwuliza. Bhekimpilo Dube aliendesha gari la mikate na alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa punda waliolala barabarani.

"MaSibanda ni nani yako?"

"Mke wa kaka Mandlenkosi." Alikata tonge la isitshwala, ule ugali wa kwao, akalichovya. "Kaka alipofariki, akaondoka."

"Aliondoka au aliondolewa?"

"Wazee walikaa, wakaona nyumba ni ya ukoo."

"Na aliyeijenga ni nani?"

"Kaka. Na yeye." Akatafuna. "Mboga za leo zina nini? Tamu."

Mwaka uliofuata Bhekimpilo alileta vigae. Alisema amechoka kumwona mkewe akiteleza na blanketi kama mtoto, na kwamba Luveve yote watu wanaweka vigae, unapitisha kitambaa mara moja basi. Alikuwa anasema kweli, lakini MaKhumalo alipowaona mafundi wakimwaga saruji juu ya ile sakafu nyekundu, alivuta pumzi ndefu na kusema, "Sasa atapumzika, maskini." Vigae vilikuwa vyeupe na vimechorwa mishipa ya kijivu.

Kwa siku chache pakawa kimya. Thenjiwe alipiga deki kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, akabaki na asubuhi nzima mikononi, akaona hajui aifanyie nini. Alijikuta akitazama dirishani.

Kisha nyayo zikarudi, safari hii nyekundu. Zilipanda kutoka chini ya vigae kama maji yanavyopanda ukutani, rangi ileile ya sakafu ya zamani, na hazikungoja deki. Zilitokea hata pakiwa pakavu. Sabuni haikuzitoa. Mafuta ya taa yalizifanya zing'ae. MaKhumalo alijaribu majivu, akajaribu chumvi na ndimu, akajaribu dawa ya meno, ambayo ilikuwa imemtolea madoa ya mafuta kwenye jiko miaka yote. Nyayo zilibaki, na nyingine zikaja juu yake, mpaka njia ya kutoka dirishani hadi kwenye kabati ikawa kama njia ya ng'ombe wanaokwenda kisimani.

Shida ilikuwa kwamba Jumapili wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kuibariki nyumba. Mzee Mqondisi, mdogo wake marehemu baba mkwe, ndiye aliyekuwa ameongoza kikao kile cha zamani, na ndiye angesema maneno.

"Nenda Pumula," MaKhumalo alimwambia Thenjiwe. Alikuwa amefunga maandazi ya moto katika kitambaa safi. "Mpe haya. Mwulize kinachotoa rangi yake. Halafu mwambie kwa heshima, Jumapili akae kitako. Asubuhi tu, mpaka wageni waondoke."

"Mama, nimwambie mtu asitembee kwake?"

"Kwa heshima, nimesema."

MaSibanda alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, na humo mlikuwa na kitanda, cherehani ya kukanyaga, na sare za bluu zilizoning'inia kila mahali. Thenjiwe alivua viatu mlangoni. Mvua ilikuwa imenyesha na ua ulikuwa tope tupu; MaSibanda aliingia nyuma yake kutoka bombani, miguu mitupu imetapakaa tope hadi vifundoni, akavuka chumba kizima kuweka ndoo. Sakafu haikupata hata doa.

"Ndivyo ilivyo," alisema alipoona mgeni anatazama. "Sijawahi kuichafua. Mwenye nyumba ananisifu kwa wapangaji wenzangu, anasema waje wajifunze usafi kwangu. Kaa, mdogo wangu. Wewe ndiye unayenifuta siku hizi?"

"Ndiyo, dada."

"Una mkono mwepesi. Yule mama alikuwa anasugua mpaka nyayo zinaniwasha." Alifungua kitambaa, akanusa maandazi, akala moja bila haraka. "Bado anatia maziwa lala. Dirisha la jikoni bado linakwama?"

"Linakwama."

"Lipake mshumaa kwenye fremu. Mume wangu Mandla alilipima vibaya, nikamwambia, akakasirika siku mbili." Alicheka kidogo. "Sakafu sikumwachia. Rangi nilichanganya mwenyewe, kwa mikono, saruji ikanila kucha zote. Nikailainisha kwa chupa ya soda, nimepiga magoti, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Sasa nasikia mmeweka vigae."

"Nani kakwambia?"

"Baridi. Miguu yangu ilikuwa haijui baridi ya namna ile."

Thenjiwe aliuliza lililokuwa kinywani mwake tangu Agosti. MaSibanda alimjibu huku akipitisha uzi kwenye sindano. Masufuria ya msiba yalikuwa hayajarudishwa kwa wenyewe. Mzee Mqondisi alimwambia achague mmoja wa ndugu za mumewe amrithi, akasema hapana, akaambiwa basi aache ufunguo mezani. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Bhekimpilo, aliyekuwa kijana bado, alimbebea cherehani hadi getini, akairudia meza yake, akamwambia, "Nenda salama, shemeji."

"Alikuwa na adabu sana," alisema MaSibanda. "Nimwombee mabaya kwa lipi?"

"Na wewe hutaki kurudi?"

"Nakuja kila siku, mdogo wangu. Hunioni?"

Kuhusu rangi, alisema siki na magadi ya unga, vichanganywe papo hapo, vipakwe wakati bado vinatoa povu, viachwe mpaka chai ipoe. Havingeitoa yote, lakini ingefifia ikawa kama waridi. Kuhusu Jumapili, alifikiri.

"Kushona nashona nimekaa," alisema. "Lakini shule zinafunguliwa, wateja watabisha. Mlango utafunguliwa na nani?"

Thenjiwe alizitazama sare zilizoning'inia.

"Nitavaa soksi," alisema MaSibanda. "Mwambie mama, nitavaa soksi."

Siki ilifanya kazi kama alivyosema. Jumamosi, Thenjiwe alipokuwa amepiga magoti juu ya vigae vilivyolowa, aliona amesahau kitambaa kikavu kabatini. Alivuka sebule kwa miguu mitupu, akakichukua, akageuka. Mahali alipopita hapakuwa na alama. Alilowesha nyayo zake ndani ya ndoo akajaribu tena, akikanyaga kwa nguvu. Vigae vilibaki jinsi vilivyokuwa. MaKhumalo, aliyekuwa amekwisha kuingia akapita palepale na maji ya kunawia, naye hakuacha kitu.

"Mama, na zako ziko wapi?"

"Tsholotsho," alisema MaKhumalo. "Kwa baba yake Bhekimpilo. Alipokufa wakaingia wadogo zake. Siwajui wanaonifuta, lakini wanatumia kitu kikali, magaga haya unayaona." Aliweka maji chini. "Ulidhani mimi nilikuja hapa kutembea? Mandlenkosi alinipokea. Na MaSibanda alinipikia."

"Na siku walipokaa wazee, ulisema nini?"

"Nilikuwa sina pengine pa kulala, MaNcube," alisema. "Sogeza ndoo."

Mchana huo mdogo wake Thenjiwe alipiga simu kutoka Kezi. Baada ya salamu alilalamika kwamba wamesiriba sakafu ya jikoni kwa samadi jana yake, wakaichora maua kwa vidole kama walivyokuwa wakifanya wote wawili, na asubuhi hii Thenjiwe amekatiza katikati mara mbili, mara ya pili kama anayetwanga. Alimwomba apunguze. Thenjiwe alisema atajaribu.

Jioni alimwambia mumewe, "Wewe ukifa, mimi nitabebewa nini hadi getini?"

Bhekimpilo alikuwa anapaka fremu ya dirisha mshumaa. "Nani kasema nakufa?"

"Nakuuliza."

"Hayo ni mambo ya wazee." Alilivuta dirisha, lilifunguka bila kelele. Alilitazama, akalifunga, akalifungua tena. "Maarifa haya umeyapata wapi?"

"Pumula."

Bhekimpilo alifuta mikono yake, akakaa dirishani mpaka giza likaingia, na Thenjiwe akangoja, lakini alipozungumza aliuliza kama makochi yanatosha kwa wageni.

Jumapili yalitosha. Wazee walikaa, wake zao wakakaa, viatu vilipangwa barazani, kila mtu akavisifu vigae. Mzee Mqondisi alisimama kwa fimbo yake. Aliwashukuru waliotangulia kwa kuwaachia watoto wao paa. Alimshukuru Bhekimpilo kwa kuitunza mali ya ukoo isipotee mikononi mwa watu wa nje. Alikuwa anaelekea kwenye baraka yenyewe nyayo zilipotokea chini ya dirisha.

Zilikuwa zimefifia kwa sababu ya soksi, waridi, bila vidole. Zilikuja polepole kati ya meza na makochi. Mama mmoja aliinua miguu yake, kisha aliyemfuata, kisha wote, kama watu wanaompisha mgonjwa kanisani. Thenjiwe, aliyekaa chini kwenye mkeka karibu na kabati, alikunja ya kwake. Mzee Mqondisi alinyamaza akiwa ameshika fimbo. Nyayo zilifika mbele ya kabati, zikasimama hapo kitambo.

"Amepata mteja," alisema MaKhumalo.

"Vizuri," alisema mzee.

Wakangoja. Nyayo zikageuka, zikarudi njia ileile hadi dirishani, zikatulia. Wageni walishusha miguu. Mzee Mqondisi aliuliza alikuwa ameishia wapi, akakumbushwa kwamba ni kwenye mali ya ukoo, akaendelea kutoka hapo. Thenjiwe alinyanyuka taratibu asiwasumbue watu, akaenda jikoni kuchanganya siki.