Benchi la Meya juu ya Shimo la Choo

Rex Vandiver alihamia Dos Cerros akiwa na mke, mbwa wawili wanaovaa makoti, na mawazo. Sisi hapa tuko watu elfu moja na mia tatu, tuna ukuta wa mpaka wa Meksiko upande wa kusini na jangwa pande zote zilizobaki. Mtu mwenye mawazo akifika mji kama huu hakosi mahali pa kuyamwaga. Miaka minne baadaye tukamchagua kuwa meya. Nasema tukamchagua, ingawa mimi sikumpigia kura na sitampigia hata akigombea kuwa mlinzi wa makaburi.

Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba Dos Cerros uwe mji wa sanaa. Akapaka rangi ukuta wa posta. Akaning'iniza vyungu vya maua kwenye nguzo za taa, vyungu ambavyo hakuna aliyepewa kazi ya kuvimwagilia. Halafu, mwezi wa Oktoba, jicho lake likatua kwenye shimo letu.

Nieleze kidogo, maana hata yeye ilibidi aelezwe. Wazee wa kaskazini hukimbia theluji na kuja kwetu wakiendesha nyumba zao zenye magurudumu, kitanda ndani, jiko ndani, choo ndani. Choo hicho kina tangi lake chini ya gari, na kila baada ya siku nne tano lazima limwagwe. Kwa hiyo mji una shimo: kifuniko cha chuma, bomba la maji ya kusuuzia, kibao kimoja. Unaunganisha mpira, unafungua koki, uchafu unateremka kwenye bomba kuu la majitaka, unasuuza, unakwenda zako. Dakika kumi. Shimo letu lilikuwa pembeni ya uwanja wa maktaba, mkabala na duka langu la mashine za kufulia. Nalijua vizuri kwa sababu kabla ya mashine za kufulia nilifanya kazi ya majitaka ya mji huu miaka ishirini na miwili.

"Linaharibu sura ya uwanja," meya alisema. Alikuwa amesimama juu ya kifuniko, mikono kiunoni, na shemeji yake nyuma yake na toroli la zege.

"Bwana Meya," nikamwambia, "ukimwaga zege hapo bila kuziba kwanza kule chini, litateremka mpaka bomba kuu. Na bomba hilo ndilo la vyoo vya maktaba na vya ofisi yako."

"Ofelia, usihofu. Nina mhandisi."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa. Shemeji yangu."

"Shemeji yako anajenga mabwawa ya kuogelea."

"Basi maji anayajua," akasema, akacheka, na shemeji naye akacheka.

Nina miaka sitini na moja. Watoto wa mji huu wananiita Mama Ofelia, mapadri wananiita Bi Barraza, na huyu mtu aliniita Ofelia kavu kavu kama anamwita mmoja wa mbwa wake. Nikarudi dukani. Wakamwaga toroli tatu. Nilihesabu dirishani, na nilijua kabisa shimo lile haliwezi kumeza toroli tatu isipokuwa zege liwe linakwenda mahali pengine. Hawakushangaa. Waliona ni shimo zuri tu, lina tumbo kubwa.

Juu yake wakaweka benchi la buluu na kibao cha shaba kilichoandikwa "Pumzika, Waza".

Sasa sikia. Mwezi huohuo meya alisimamisha bango kubwa kule barabara kuu: "Karibuni Dos Cerros, Wageni wa Majira ya Baridi!" Na wageni, kwa kuwa wameitwa, wakaja. Wakazunguka uwanja mara mbili mara tatu wakitafuta shimo ambalo ramani zao bado zilikuwa zinalionyesha. Kisha wakaingia kwangu kuuliza, wakiwa na ile sauti ya chini ya mtu anayeulizia dawa ya bawasiri. Niliwaambia wote jibu moja: kituo cha malori, maili sitini kaskazini. Wengine walicheka wakidhani natania.

Mwezi wa Februari wakaja Lowell na Jeanette Haugen kutoka Minnesota, jimbo la theluji kule kaskazini. Gari lao lilikuwa kuukuu, la mwaka tisini na tatu, limefungwa waya mlango wa nyuma. Mzee Lowell alikuwa mrefu, mkono wa kulia umekosa kidole kimoja, haongei bila kulazimika. Mkewe alikuwa anaumwa tumbo, ugonjwa wa matumbo wa miaka mingi ambao haumpi mtu nafasi ya kuchagua saa. Ndiyo maana walikuwa wanasafiri na choo chao. Ndiyo maana pia tangi lao lilijaa siku mbili kabla ya hesabu ya Lowell.

Kwa tangi lililojaa hivyo maili sitini zilikuwa mbali mno, kwa hiyo yeye nilimwelekeza kituo cha mafuta cha hapa mjini, maana nacho kina kishimo nyuma. Mwenye kituo akamwambia kishimo ni cha wanaojaza dizeli. Mzee akajaza dizeli. Ndipo akaambiwa kishimo kimeziba tangu Krismasi.

"Sasa mbona hukuniambia kabla?" Lowell akamuuliza.

"Hukuniuliza kama kinafanya kazi. Uliuliza kama kipo."

Akaenda kwenye kambi ya wastaafu, ile yenye nyasi za plastiki na geti. Kule mama mmoja mwenye kofia ya jua na ubao wa karatasi akalizunguka gari lao kama daktari wa mifugo anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"La mwaka gani?"

"Tisini na tatu."

"Hapa hatupokei gari lililozidi miaka kumi. Ni kanuni yetu, kwa ajili ya mandhari."

"Sitaki kukaa, mama. Nataka kumwaga tu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema yule mama, na akafunga geti.

Haya yote Jeanette alinisimulia baadaye, akicheka, lakini shingo yake ilikuwa nyekundu. Wakati ule sikujua. Nilichojua ni kwamba saa nane mchana, nikitoka kumpelekea jirani mashuka yake, niliona gari lao limeegeshwa kwenye korongo kavu chini ya daraja, na mzee amepiga magoti na mpira mkononi.

Nilishuka lile korongo nikisahau kwamba nina magoti mabovu.

"Wewe! Weka chini hicho!"

Akageuka. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Koki alikuwa hajafungua.

"Unajua korongo hili linakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Ni kavu, mama."

"Ni kavu leo. Mvua ikinyesha linapita chini ya ukuta, linaingia ng'ambo, na nyumba ya kwanza ng'ambo ni ya dada yangu Elvira. Ana kisima. Yeye akitaka kuja kwangu kunywa supu ya utumbo Jumapili anasimama foleni mpakani kwa muda wa saa mbili, anaulizwa amebeba nini kwenye kikapu. Na wewe unataka kinyesi chako kivuke bila hata kuonyesha kitambulisho?"

Mlango wa gari ukafunguka, Jeanette akatoa kichwa. "Lowell, nilikuambia," akasema. Halafu akaniambia mimi, polepole: "Kosa ni langu, dada. Tumbo ni langu."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Mtu mzima anaomba radhi kwa ajili ya tumbo lake, na yule aliyeweka benchi juu ya shimo analala usingizi. Nikawaambia waje waegeshe kwenye ua wangu, na Jeanette atumie choo changu mpaka tujue la kufanya. Lowell akakunja mpira wake taratibu, kwa mikunjo iliyolingana, akapangusa koki, akaikaza. Nikamtazama mikono.

"Ulikuwa unafanya kazi gani kwenu?"

"Mabomba," akasema. "Majitaka. Miaka thelathini na moja."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya daraja.

Jumamosi ndiyo ilikuwa Siku ya Sanaa. Meya alialika wageni mia tatu kutoka mijini, watu wenye miwani ya fremu nene na viatu vinavyofanana na ndala lakini si ndala. Kulikuwa na divai, jibini, na mtu wa kupiga filimbi. Wageni mia tatu wakinywa divai tangu saa nne asubuhi watakwenda wapi? Watakwenda vyoo vya maktaba na vya ofisi ya meya. Na lile zege, lililokuwa limekaa ndani ya bomba kuu tangu Oktoba kama ulimi mgumu, likikamata karatasi na mafuta kila siku, siku hiyo likafunga kabisa.

Mimi na Lowell tulikuwa mlangoni kwangu tunakunywa kahawa. Tulisikia kwanza ukelele mmoja, kutoka choo cha wanawake. Kisha ukelele wa pili, wa mwanamume, na huo ulikuwa mrefu zaidi. Halafu watu wakaanza kutoka, wengine wamebeba viatu mkononi. Maji machafu yakafuata, yakashuka ngazi za maktaba kwa utulivu kabisa, yakaelekea meza ya jibini. Mpiga filimbi aliendelea kupiga muda kidogo, maskini, maana alikuwa amefumba macho.

Lowell akanusa. "Bomba kuu," akasema.

"Bomba kuu," nikamjibu.

Meya alikuja mwenyewe, suruali imelowa hadi magotini.

"Bi Barraza," akasema. Ehe! Leo nina ukoo. "Bi Barraza, fundi wa mji yuko likizo. Unajua chemba zilipo. Tafadhali."

"Mwite mhandisi wako."

"Hapokei simu."

"Labda yuko ndani ya bwawa."

"Nakuomba, mama. Watu wananitazama."

Ndivyo alivyosema. Hakusema watu wataugua, hakusema watoto wanakanyaga uchafu. Watu wananitazama! Nilimwangalia vizuri ili nisije nikasahau sura hiyo siku ya uzee wangu. Kisha nikamwambia tutafungua, lakini kwa sharti moja, na aliandike sasa hivi mbele ya karani wa baraza: shimo linarudi pale lilipokuwa, wazi kwa kila msafiri, na gari la mwaka wowote. Alianza kusema mambo ya kikao na taratibu. Nyuma yake mtu akateleza akaanguka na sahani. Akaomba kalamu.

Tulifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Mpwa wa karani aliendesha kijiko cha mji, ile mashine ya kuchimbia, tukachimba kuanzia pale kwenye benchi, ambalo lilikuwa la kwanza kuondoka na kibao chake. Lowell alishuka shimoni na mimi nikamfuata, wazee wawili wenye glavu hadi mabegani. Hatukuongea sana. Yeye akinyoosha mkono, mimi nimeshampa patasi. Nikisema "kushoto", yeye ameshakwenda kushoto. Nilikuwa sijafanya kazi namna hiyo tangu nilipostaafu, na nilikuwa sijui kwamba ninaikumbuka hivyo. Zege lilitoka vipande, la mwisho likiwa na umbo la bomba lenyewe, laini, zito kama mguu wa ng'ombe. Maji yakavuta pumzi, yakashuka. Watu wa mji waliokuwa wamesimama nyuma ya kamba tuliyofunga wakapiga makofi. Wageni wa miwani nene wengi walikuwa wameshaondoka, ila mwanamke mmoja alibaki kupiga picha kipande cha zege, akauliza kama kinauzwa.

Tukaweka bomba jipya na kifuniko. Lowell akalileta gari lake, na akawa wa kwanza kumwaga. Jeanette alisimama pembeni amenyooka, amevaa miwani ya jua na hereni, kama mgeni rasmi. Hakuna aliyemcheka. Karani alimshikia mpira wa kusuuzia.

Gazeti la wilaya wiki iliyofuata liliandika kwamba Meya Vandiver, "kwa kusikiliza mahitaji ya wageni", amefungua upya kituo cha kisasa cha wasafiri. Kulikuwa na picha yake amesimama juu ya kifuniko, mikono kiunoni. Wasomaji wa mji wa jirani walimpongeza. Novemba akashinda tena, kwa tofauti ya kura arobaini na moja. Watu wetu ndivyo walivyo. Wanakanyaga uchafu wa mtu mpaka vifundoni, halafu wanampigia kura kwa sababu ana tabasamu na sahani za jibini.

Lowell na Jeanette walikaa kwenye ua wangu mpaka Machi. Alinirekebishia mashine mbili zilizokuwa zinavuja, na Jeanette akanifundisha mchezo wa karata ambao bado sijauelewa. Siku ya kuondoka Lowell alinipa mkono ule wenye vidole vinne, akasema, "Kazi nzuri ile, Bi Barraza," akapanda gari. Kwa mtu wa Minnesota hiyo ni hotuba.

Meya sasa ananiita Mama. Kila asubuhi anapita na mbwa wake wenye makoti, anapunga mkono mbele ya dirisha langu. Nami nampungia. Mji ni mdogo.