Kibao Namba Kumi na Moja

Kiwandani walimwita Kamili, na jina likamganda kama grisi. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mtunza stoo. Kila jioni kabla ya kufunga alipita mbele ya ukuta wa spana, koleo na patasi, kila kimoja kimechorewa umbo lake kwa rangi, ili kikikosekana pengo lionekane. Akifika mwisho wa ukuta husema kwa sauti, hata akiwa peke yake, "Kamili." Aliyesahau bisibisi mezani aliikuta imesharudi mahali pake. Wala Kamili mwenyewe hakuwa na habari kwamba ameirudisha. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Karibu na mlango kulikuwa na misumari mitatu ya funguo. Mkewe akiingia akautupa ufunguo wake kwenye kochi, kabla hajavua viatu ufunguo ulikuwa umeshaning'inia. Mke huyo, mshonaji mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, aliyavumilia hayo yote kwa kuyatania. Baba alipostaafu, binti yao muuguzi aliwapa zawadi ya safari ya watatu: siku tatu mjini, kisha siku nne kwenye meli ndogo inayoteremka mto katikati ya pori. Mama akamnong'oneza bintiye, "Hapo umemfungulia stoo ambayo hataimaliza."

Mjini ndiko mambo yalikoharibika. Kamili alikuwa na ratiba kwenye karatasi: saa tatu makumbusho, saa sita chakula, saa nane lifti ya lile ghorofa refu kuliko yote. Siku ya pili mkewe aliingia mtaa wa maduka ya vitambaa, na mshonaji akiingia huko usimtarajie kuangalia saa. Aliahidi kurudi hotelini saa kumi. Alirudi saa kumi na dakika arobaini, kifurushi kwapani, akamkuta mumewe mapokezi na polisi wawili, anawatajia rangi ya gauni lake na urefu wake kwa sentimita. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama aliyepotea.

Mke alimtangulia mumewe kupanda chumbani. Alipofunga mlango, sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

"Mimi si spana. Umenisikia? Usinihesabu tena."

"Nilipata wasiwasi, mke wangu."

"Wasiwasi wako unaninyima pumzi. Miaka yote hii nacheka, leo nimechoka kucheka."

"Haya," alisema Kamili. "Sitakuhesabu."

Akanuna. Na kununa kwake nako kulikuwa na utaratibu wake: asubuhi salamu moja, mchana kimya, jioni kimya. Walipopanda meli, mama alipeleka begi lake chumba cha binti. Kamili akalala peke yake, akijiambia kwamba amepata nafasi ya kujinyoosha. Hakupata usingizi.

Pale penye ngazi ya meli palitundikwa ubao wenye vibao vidogo, kila abiria na namba yake, kila familia mstari wake. Upande mmoja mweupe, wa pili mwekundu. Ukishuka nchi kavu unageuza kibao chako kiwe chekundu. Ukirudi unakigeuza kiwe cheupe.

"Unageuza mwenyewe," alisisitiza baharia wa ngazini, mtu wa makamo mwenye mvi ndevuni, aliyefanya kazi hiyo tangu meli ilipoanza. "Si mke, si mume, si mtoto. Chekundu kimoja tu kikibaki, hatuondoki."

Kamili aliupenda ubao ule papo hapo. Katika safari nzima ndicho kitu pekee alichokisifu.

Asubuhi ya tatu mtoni walipelekwa kwa mashua mbili za injini hadi ukingo wa udongo uliotobolewa na viota vya ndege. Wakati wa kurudi, Kamili na binti walipanda mashua ya kwanza. Mama alisema atakuja na ya pili; hakutaka kukaa goti kwa goti na mtu aliyenuna. Binti akapanda ngazi, akageuza namba kumi na tatu, akaenda zake sitaha ya juu kusoma. Kamili akageuza kumi na mbili. Baharia alikuwa ameinama anavuta kamba. Kwenye mstari wa familia vilikuwa vibao viwili vyeupe na kimoja chekundu. Mkono wa Kamili ukainuka, ukakigeuza na hicho, kumi na moja. Akaguna neno lake la siku zote na kwenda chumbani kuendelea kununa.

Huku ufukoni mama alikuwa nyuma ya mawe, amejisitiri kidogo kwa haja ambayo mtu haitangazi. Mwendesha mashua ya pili hakumwona, akaamini ameondoka na mumewe, kama ambavyo yeyote angeamini. Mashua ilipofika, baharia aliutazama ubao. Ulikuwa mweupe wote. Akamwinulia nahodha kidole gumba, na meli ikaondoka saa tatu.

Saa saba, chakula kikiwa mezani, binti alishuka kumwamsha mama yake. Alikuta kitanda kimetandikwa na begi halijaguswa. Akaja mbio kwa baba.

"Baba, Mama yuko kwako?"

"Si yuko kwako?"

Walitazamana. Huyu mtu mjini alikuwa ameita polisi kwa dakika arobaini. Mtoni saa nne zilimpita, na alikuwa amezitumia kujisifu moyoni jinsi anavyoweza kutomhesabu.

Walipekua meli nzima, choo kwa choo. Nahodha akageuza meli. Mashua ndogo zisingeweza kupanda mkondo umbali ule, na meli yenyewe ingehitaji saa tano. Kisha akawakusanya watu mbele ya ubao.

"Nani amegeuza kumi na moja?"

Kamili alikitazama kibao, na mkono wake ukakumbuka kabla ya kichwa. Alihisi vidoleni ule wepesi wa mbao, hata kile kigugumizi kidogo cha msumari.

"Sikukigusa, nahodha," alisema baharia. "Naapa."

"Kwa hiyo kimejigeuza?"

"Mimi sijui. Ila sikukigusa."

Abiria walianza kumzomea. Mmoja alimwita muuaji. Kamili alifungua mdomo. Binti alikuwa amemshika mkono kwa nguvu, anarudia, "Baba, kule kuna mamba. Baba, nilimwona mamba." Kamili akaufunga mdomo. Apatikane kwanza, alijiambia, halafu nitasema. Saa moja ikapita hivyo, na ya pili, na katika kila saa lile neno lilizidi kuwa zito. Saa ya nne baharia alikaa chini karibu na ngazi, kichwa mikononi.

"Labda nilikigonga na bega nikivuta kamba," alisema, hakuna aliyemuuliza. "Labda ni mimi kweli."

Kamili alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alisikia vizuri kabisa.

Walimkuta jua likizama, juu ya jiwe pana, mtandio wake umefungwa kwenye kijiti. Alikuwa ameikimbilia meli kando ya maji, akipiga kelele, akateleza kwenye mawe. Mguu ulivunjika chini ya goti na mfupa ulionekana. Akajiburuta hadi juu. Mamba alikuja mara mbili, na mara zote mbili alimfukuza kwa mawe. Midomo ilikuwa imepasuka. Binti aliufunga mguu akilia kimya kimya, na Kamili akapiga magoti.

"Niliwaona mnaondoka," mama alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kwanza nililia, sitakuficha. Halafu nikajiambia, tulia wewe, yule mtu hawezi kumeza tonge kijiko kimoja kikikosekana. Nilijua utanihesabu."

Binti, ambaye ndiye aliyegundua, alimtazama baba yake kisha akainamia bandeji. Alidhani anamwachia baba sifa ndogo isiyo na hasara kwa mtu.

Mama akautafuta mkono wa mumewe, ule ule, akauweka shavuni. "Pale mjini nilikosea. Nihesabu, mume wangu. Nihesabu mpaka uchoke."

Kama kulikuwa na mahali pa kusema, ni hapo. Kamili alimbusu paji la uso na hakusema.

Asubuhi meli ilisimama kwenye kituo cha askari wa pori, ambako gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri. Baharia naye, ameshaachishwa kazi, alishushwa hapo hapo na begi lake moja. Kabla hajaondoka alimfuata Kamili, kofia mkononi.

"Mzee, nisamehe. Tangu nianze kazi sijawahi kukosea. Niombee na kwa mama anisamehe."

Kamili alimpa mkono. "Nimekusamehe," alisema.

Mguu ulipona vibaya. Cherehani ya kukanyaga ilifunikwa shuka, na mama akawa anatembea kwa fimbo. Lakini kicheko kilirudi, na upendo ukazidi, hata majirani wanawaonea wivu. Kila jioni akirudi kutoka matembezi yake mafupi anautundika ufunguo mwenyewe kwenye msumari wake, kisha anaita kwa sauti kutoka mlangoni:

"Nimefika! Nihesabu!"

Havui viatu mpaka ajibiwe. Kamili, jikoni, huuelekea ukuta.

"Kamili," hujibu.