Pingamizi la Mzee Oliver

Kerubo alitoka Kisii na tabia moja: jambo zito kwake halikumalizwa kwa karatasi, lilimalizwa kwa kuketi na kuzungumza. Ni tabia nzuri, tena ya kiungwana. Lakini Uingereza nayo ina mambo yake.

Mzee Oliver, ambaye Kerubo alikuwa akimhudumia nyumbani kwake Aston, mtaa wa Birmingham, alikulia mbali na mji huo, kando ya kinamasi kilichochimbwa mboji, ule udongo mweusi unaouzwa mifukoni kwa wapenda bustani. Ujanani aliichimba mwenyewe. Siku hizi machimbo mapya hayaruhusiwi, na hili la zamani lilikuwa na sharti: muda ukiisha, mashine ziondoke, mitaro iliyokausha kinamasi izibwe, maji yarudi. Sasa muda ulikuwa ukingoni, na kampuni iliyochimba ikaiomba kaunsili, yaani baraza la wilaya ya huko, iiongezee miaka kumi na mitano.

"Niandikie pingamizi," alimwambia Kerubo, maana mikono yake ilitetemeka mno. "Mimi ni mmoja wa waliokikausha kinamasi kile. Nataka nife nikijua maji yanarudi."

Kerubo akaahidi. Aliposikia kwamba mshauri wa kampuni ile ni Cleopas, mzee wa kanisa lao, alifurahi kweli. Barua ya nini, na mwenyewe anamjua? Jumamosi akapika chapati, akapanda basi hadi kwake.

Cleopas alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, dadangu. Hiyo maneno niachie. Nitaongea na ma-director."

"Kwa hivyo nisiandikie kaunsili?"

"Sikukatazi. Lakini si tumeongea?"

Tumeongea. Angeandikaje baada ya hapo? Unywe chai ya mtu, kisha ukamshtaki? Basi hakuandika, akangoja. Na Cleopas, tumtendee haki, aliongea kweli na wakubwa wake. Walimsikiliza kwa upole vilevile, wakaendelea na ombi lao. Siku ya mwisho ya kupokea mapingamizi ilimpita Kerubo akikunja shuka za Oliver, roho imetulia.

Kampuni ilipewa miaka yake. Kerubo alipiga simu kaunsili ya kule, na afisa wa mipango, Kamaljit, akamweleza bila ukali kwamba wao hupima yaliyoandikwa na kufika kwa wakati. Hakuna aliyeandika habari za maji.

Kerubo alijuta. Alijutia chapati, alijutia chai, na zaidi alijutia ile furaha aliyopanda nayo basi. Alimweleza Oliver yote akiwa amepiga magoti, akimvisha soksi, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

Mzee alimtazama akimaliza soksi ya kwanza.

"Huyo rafiki yako," akauliza, "ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri, Mzee."

"Hata sisi tuliokikausha kinamasi tulikuwa watu wazuri," akasema, kisha akanyoosha mguu wa pili avishwe.